Kwa nini mwatiko wa bwawani hana mayai

Anayefuga mwatiko kwa mara ya kwanza huja na swali lilelile baada ya mavuno. Amepasua samaki mia, mia mbili, na tumboni mwao hakukuta yai hata moja. Hakuna jike aliyevimba tumbo, hakuna dume aliyetoa manii alipobanwa. Perege wa bwawa la jirani huzaana mpaka bwawa likafurika vitoto, na kambale akitunzwa vizuri hubeba mayai kabla mwaka haujaisha. Mwatiko yeye ni mnene, ana afya, anang'aa kama bati jipya, lakini ndani yake mna utumbo na mafuta tu. Mfugaji hudhani ameuziwa madume matupu, au mbegu iliyopoteza uzazi.

Kuna na fumbo la pili, linaloonekana kupingana na hilo la kwanza. Horini, yaani mkono wa bahari unaoingia kwenye mikoko, maji ya bamvua, yale makuu ya mwezi mchanga na mwezi mpevu, yanapoingia, vifaranga vya mwatiko huja kwa maelfu, wembamba kama sindano. Hakuna aliyemwona mama yao hapo. Samaki asiye na mayai bwawani ana watoto wasiohesabika horini, na kati ya mambo hayo mawili kuna kitu kimekosekana. Kilichokosekana ni bahari ya nje, pamoja na miaka mitano hivi ya maisha ambayo mfugaji haioni kwa sababu samaki wake huvuliwa akiwa na miezi sita. Ukiijua safari hiyo, karibu kila jambo kuhusu mwatiko linajieleza lenyewe, pamoja na swali la kwa nini anapatikana Mombasa na Panama lakini hapatikani Senegal.

Kwanza tumjue tunayemzungumzia, maana huchanganywa na wengine. Ukimshika mwatiko mkononi, jambo la kwanza kulishangaa ni jicho. Limefunikwa lote na utando wa mafuta, mnene na angavu, kana kwamba mtu amemvika kioo. Ukiligusa kwa kidole unahisi ulaini wa jeli, na jicho lenyewe liko chini zaidi. Mdomo ni mdogo, hauna jino hata moja. Pezi la mgongoni ni moja tu, katikati ya mgongo, ilhali mkizi, ambaye watu wengi humfananisha naye, ana mawili yaliyoachana. Mkia ni mkubwa na una panda ndefu, mkia wa samaki mwendakasi. Halafu pitisha kidole chini ya tumbo ukielekea kichwani. Kwa dagaa wengi na jamaa zao utakwaruzwa na magamba makali yaliyopangika kama meno ya msumeno, lakini tumbo la mwatiko ni laini.

Kumchanganya na mkizi si aibu. Peter Forsskål, mtaalamu wa viumbe kutoka Sweden aliyekuwa mwanafunzi wa Linnaeus, yule aliyeweka utaratibu wa kuwapa viumbe majina ya kisayansi, alimwona katika Bahari ya Shamu alipokuwa kwenye msafara uliotumwa na mfalme wa Denmark mwaka 1761, naye akamweka kwenye jamii ya mkizi kwa jina la Mugil chanos. Forsskål alifariki Yemen mwaka 1763. Wenzake walikufa mmoja baada ya mwingine, akarudi Carsten Niebuhr peke yake, na ndiye aliyechapisha maandishi ya marehemu mwaka 1775. Baadaye wataalamu walimtoa mwatiko kwa mkizi wakampa jina analotumia hadi leo, Chanos chanos. Katika familia yake, Chanidae, ndiye aliyebaki hai peke yake. Wengine wote wamekuwa mawe.

Ndugu zake wa karibu zaidi si mkizi wala dagaa. Yuko upande wa kambale. Kambale na jamaa zake wana mnyororo wa vifupa vidogo unaounganisha kibofu cha hewa na sikio, na ndio unaowafanya wasikie vizuri majini. Mwatiko hana mnyororo kamili, lakini mifupa ya mwanzo ya uti wake wa mgongo na mbavu zilizo hapo zimebadilika kidogo kuelekea kazi hiyohiyo, kama nyumba iliyoishia kwenye msingi. Ana pia jambo jingine la ukoo huo: ngozi yake ikichanika hutoa kemikali ambayo wenzake huitambua majini na kutawanyika. Hilo anayeingiza wavu bwawani bila utulivu hulijua hata kama hajawahi kusikia sababu yake.

Sasa turudi kwenye mayai. Mwatiko aliyekomaa ni samaki mwingine kabisa machoni pa mtu aliyezoea wale wa bwawani. Wa kawaida hufika mita moja, na wapo waliopimwa wakakaribia mita 1.8 na uzito wa kilo 14. Huishi hadi miaka 15 hivi. Hukaa baharini karibu na visiwa na miamba ya matumbawe, kwa makundi, mara nyingi juu ya maji, mapezi yao ya mgongo na ncha za mikia zikikata uso wa bahari hata watu huwadhania papa. Katika visiwa vya nje vya Ushelisheli, kama Alphonse, wavuvi wa ndoana huwafuata mahali mkondo unapopita, wanakoelekeza vichwa kwenye maji yanayokuja, vinywa wazi, wakichuja vinavyoletwa.

Wafilipino wameligawa jambo hili kwa lugha. Yule wa bwawani na sokoni wanamwita bangus. Yule mkubwa wa baharini, mwenye mayai, ni sabalo. Spishi ni ileile moja, majina ni mawili, kwa sababu maisha ni mawili na watu wanaomwona wa kwanza mara nyingi hawamwoni wa pili. Mimi naona majina hayo yamebeba elimu nyingi kuliko kurasa kadhaa za kitabu. Tena sheria yao ya uvuvi ya mwaka 1998 inakataza kumvua sabalo, isipokuwa kwa ruhusa maalumu, kwa sababu kila mmoja anayetolewa baharini anaondoka na mamilioni ya vifaranga.

Mamilioni hapo si neno la kutia chumvi. Jike mmoja anaweza kutaga kuanzia nusu milioni hadi zaidi ya mayai milioni tano kwa msimu, kutegemea ukubwa wake. Hutaga usiku, wengi karibu na saa sita, nje ya pwani mahali penye maji safi juu ya mchanga au matumbawe. Dume na jike hawatofautiani kwa rangi wala umbo. Tofauti ndogo iko kwenye vitundu vilivyo nyuma ya tumbo, na kuiona kunahitaji jicho la mtu aliyefundishwa.

Yai lina upana wa milimita 1.1 hadi 1.25. Haligusi chini. Huelea kwa sababu maji ya bahari yenye chumvi kamili yanalibeba, na hapa ndipo fundo la kwanza linapofunguka: yai la mwatiko limeumbwa kwa uzito wa maji ya bahari. Maji yakipungua chumvi sana, kama yanavyofanya horini mvua zinaponyesha, yai lililozoea kuelea huzama, na kwenye tope hakuna hewa ya kulitosha. Kwa hiyo mama hawezi kuzaa anakokulia mtoto, wala mtoto hawezi kukulia anakozaa mama. Maisha yote ya samaki huyu yamejengwa juu ya haja hizo mbili zisizopatana.

Yai huanguliwa ndani ya siku moja hadi moja na nusu kama maji ni ya joto. Kinachotoka kina urefu wa milimita tatu na nusu hivi, hakina macho yenye rangi, mdomo haujafunguka, na kinaishi kwa kiini alichokiacha mama. Kwa wiki mbili hadi tatu kinachukuliwa na maji pamoja na vijidudu vingine vya bahari. Mwanzoni hakiwezi kupigana na mkondo wowote. Baadaye kinapata misuli na macho, na kuna dalili nzuri kwamba siku za mwisho hakibebwi tu bali huogelea chenyewe kuelekea pwani, kwa sababu wanaofika ufukweni hulingana kwa namna ya kushangaza. Karibu wote wana urefu wa milimita 10 hadi 17. Umri wao tunaujua kwa kuhesabu duara ndogo kwenye kijiwe cha sikio, ambacho huongeza duara moja kila siku kama mti unavyoongeza pete kila mwaka. Kama wangesukumwa na maji peke yake, tungewakuta wa kila umri na kila urefu.

Mwezi nao una kazi yake. Utafiti uliofanywa nje ya kisiwa cha Panay, Ufilipino, ulionyesha kwamba mayai huwa mengi zaidi siku za nusu mwezi, wakati wa maji mafu, bahari isipovuta kwa nguvu. Hesabu wiki tatu kutoka nusu mwezi, unaangukia mwezi mchanga au mpevu, yaani bamvua. Ndiyo maana vifaranga huja horini na bamvua: maji yanapanda juu kuliko kawaida, yanafunika mizizi ya mikoko, yanaingia hadi vidimbwi vya nyuma visivyofikiwa siku nyingine, na vifaranga huingia nayo. Mama ametaga maji yalipotulia ili mayai yasitawanywe mbali, na mtoto amewasili maji yalipopata nguvu ya kumwingiza ndani. Sijui kama kuna mpango mzuri kuliko huu pwani nzima.

Vifaranga hivyo vinafaa kutazamwa kwa karibu. Chota maji ya ufukweni siku ya bamvua kwa beseni jeusi, hutaona kitu. Chota kwa beseni jeupe, na baada ya muda kidogo utaona vitone vitatu vyeusi vikitembea pamoja: viwili mbele, kimoja nyuma. Viwili ni macho. Cha tatu ni kibofu cha hewa, kinachoonekana kupitia mwili kwa sababu mwili wenyewe ni mwangavu kama uzi wa nailoni. Ukitia kidole, vitone vinaruka vyote kwa pamoja. Wanaokusanya mbegu ya mwatiko hutumia alama hiyo kuwatenga na vitoto vya samaki wengine, na huhesabu kwa kuchota kwa kikombe kidogo, beseni kwa beseni, kwa subira ambayo wengi wetu hatuna.

Akishaingia mikokoni, mwangavu huyo hubadilika haraka. Anapata magamba na rangi ya fedha, na anaacha kuwinda vijidudu majini na kuanza kula chini. Chakula chake kikuu ni ule utando wa rangi ya kijani au kahawia unaofunika tope kwenye jua. Ndani yake mna mwani wa hadubini, bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga, minyoo midogo, mabuu na mabaki ya majani. Wafilipino huuita lab-lab, na wafugaji wao hulima huo utando kwanza kabla ya kutia samaki: hukausha bwawa, hutia samadi, hufungulia maji kidogo kidogo, huacha jua lifanye kazi. Samaki asiye na meno hula utando huo kwa kuunyonya na kuuchuja. Vichujio kwenye matamvua yake ni vyembamba na vingi kama nywele za brashi, na nyuma ya matamvua kuna vifuko viwili vinavyokusanya chakula na kukibana kabla hakijamezwa. Utumbo wake ni mrefu, umejikunja mara nyingi, kama ulivyo kwa wanyama wengi walao majani. Ndiyo sababu mwatiko ni rahisi kumlisha. Hahitaji samaki wengine wavuliwe na kusagwa ili yeye anenepe, na katika ufugaji wa samaki wa maji chumvi hilo ni jambo kubwa.

Katika mikoko anakaa miezi kadhaa, wengine miaka miwili au mitatu. Huko anakutana na kila aina ya maji. Mvua ikinyesha hori hujaa maji matamu. Jua likikaza, vidimbwi vilivyotengwa na bahari hukauka mpaka chumvi ikaanza kuganda pembeni. Maji ya bahari ya kawaida yana gramu 35 hivi za chumvi kwa lita. Mwatiko mchanga anaweza kuishi kwenye sifuri, na anaweza kuishi kwenye maji yenye zaidi ya gramu 100 kwa lita. Katika kisiwa cha Kiritimati, Kiribati, kuna vidimbwi vilivyofungiwa vyenye chumvi kali namna hiyo, na mwatiko wanaishi ndani yake, wamedumaa, lakini wako hai. Pwani ya Afrika Mashariki huingia hata kwenye mabwawa ya kwanza ya mashamba ya chumvi, yale yanayopokea maji moja kwa moja kutoka horini.

Anawezaje? Samaki wa baharini hupoteza maji kwa chumvi inayomzunguka, hivyo hunywa maji ya bahari na kuitoa chumvi kwa seli maalumu za matamvua. Samaki wa maji matamu ana tatizo la kinyume: maji yanaingia mwilini bila kuitwa, chumvi inatoka, hivyo hukojoa sana na kunyonya chumvi kidogo iliyopo kwa matamvua yaleyale. Samaki wengi wanajua njia moja. Mwatiko anazijua zote mbili na hubadilisha kutoka moja kwenda nyingine maji yanapobadilika. Kazi hiyo hula nguvu, na nguvu inayoenda kwenye kusukuma chumvi haiendi kwenye kukua, jambo linaloeleza kwa nini wale wa Kiritimati ni vibeti.

Kufikia hapa watu wengi husema: basi, jibu ni chumvi, mwatiko hazai bwawani kwa sababu maji ya bwawani si ya bahari. Ni sehemu ya jibu tu, na ni vizuri kulipinga kidogo, maana limewapotosha wengi waliojaribu kumzalisha. Kuna mabwawa yenye chumvi sawasawa na ya bahari na bado samaki hawatagi. Wengine husema ni kina, kwamba anahitaji bahari ya wazi na mkondo. Mwaka 1980 hoja hiyo ilianza kulegea. Kwenye kituo cha utafiti cha SEAFDEC, shirika la maendeleo ya uvuvi la Asia ya Kusini Mashariki, huko Igang, Guimaras, Ufilipino, mwatiko waliolelewa utumwani tangu wakiwa wadogo walitaga wenyewe ndani ya vizimba vinavyoelea, bila sindano ya homoni. Hapo bado mtu angeweza kusema kizimba kiko baharini. Lakini katika miaka ya 1980 hiyohiyo Taiwan na Hawaii waliwaona wakitaga kwenye mabwawa na matangi ya nchi kavu yenye maji ya bahari.

Kilichokuwa kimefichwa muda wote ni umri. Mwatiko hukomaa baada ya miaka mitatu kwa uchache, na majike wengi baada ya mitano au zaidi, wakiwa na urefu wa sentimita 60 au 70 na kilo kadhaa. Wa bwawani huvuliwa akiwa na miezi mitano hadi minane, gramu 300 hadi 500. Kumpasua huyo kutafuta mayai ni kama kumtazama mtoto wa chekechea ukauliza ndevu ziko wapi. Dume lipo na jike lipo, ila sehemu zao za uzazi bado ni nyuzi nyembamba zilizojibana kwenye paa la tumbo, zisizotambulika kwa macho.

Kwa hiyo masharti ni matatu, nayo hayafanyi kazi moja moja: miaka ya kutosha, maji ya chumvi kamili ya bahari, na joto pamoja na siku ndefu za kuamsha msimu wa uzazi. Samaki anayebaki ziwani hutimiza la kwanza na la tatu, lakini la pili linamwangusha. Ufilipino kuna ziwa Taal la maji matamu linalounganishwa na bahari na mto Pansipit. Mwatiko hupanda mto huo wakiwa wadogo, hunenepa ziwani kwa miaka, kisha huteremka tena kwenda baharini umri unapofika. Ziwani hawatagi.

Masharti hayo ndiyo yanayofanya mbegu ya kuzalishwa kuwa ya gharama. Mwenye kituo lazima alishe samaki wakubwa miaka mitano kabla ya kupata yai la kwanza, na samaki mmoja wa kilo tano anahitaji nafasi na maji mengi. Indonesia wameliweza kwa wingi. Kaskazini mwa Bali, eneo la Gondol, kuna vituo vidogo vingi vya familia vinavyolea mabuu na kuuza vifaranga hadi nchi nyingine. Mahali pengi pengine, Afrika Mashariki ikiwemo, ufugaji umeegemea vifaranga vinavyokuja na maji horini. Dunia nzima hutoa zaidi ya tani milioni moja za mwatiko wa kufugwa kwa mwaka, nyingi zikitoka Indonesia, Ufilipino na Taiwan.

Sasa ramani. Mwatiko yuko Bahari ya Shamu, pwani yote ya mashariki mwa Afrika kuanzia Somalia hadi Afrika Kusini, Madagaska, visiwa vyote vya Bahari ya Hindi, India, Asia ya Kusini Mashariki, kaskazini hadi kusini mwa Japani, kusini hadi Australia, visiwa vya Pasifiki, Hawaii, na ng'ambo ya pili kuanzia California hadi Panama na visiwa vya Galápagos. Ni karibu theluthi mbili za mzingo wa dunia, kwa spishi moja.

Ukiuchora mpaka wake utaona haufuati nchi kavu. Unafuata joto. Pale ambapo maji ya bahari hushuka chini ya nyuzi 20 wakati wa baridi, mwatiko anaisha. Chini ya hapo hula kidogo, huzubaa, na baridi ikizidi hufa. Taiwan, iliyo karibu na ukingo wa kaskazini, wafugaji huchimba vidimbwi virefu vya kujificha na baridi na kuviwekea kinga ya upepo, na bado kuna miaka baridi huua mabwawa mazima. Mikondo ya joto inayoshuka kutoka ikweta ndiyo inayompeleka mbali hadi Japani upande mmoja na Afrika Kusini upande mwingine. Pwani ya magharibi ya Amerika ya Kusini, maji baridi ya mkondo wa Humboldt yanamzuia kwenda mbele.

Kizuizi hichohicho cha baridi ndicho kinachomweka nje ya Atlantiki. Akifika ncha ya kusini mwa Afrika anakutana na maji ya Benguela, yanayopanda kutoka kilindini yakiwa baridi mwaka mzima, na hawezi kuyavuka kwenda Angola. Upande wa Amerika njia ilikuwa wazi zamani, lakini shingo ya nchi ya Panama ilikamilika kufungwa miaka milioni tatu hivi iliyopita. Senegal kuna mikoko, kuna tope, kuna jua, kuna kila kitu anachokipenda, na hayuko.

La kushangaza ni kwamba jamaa zake waliwahi kuwa huko. Katika miamba ya Araripe, Ceará, kaskazini mashariki mwa Brazil, hupatikana samaki aitwaye Tharrhias aliyegeuka jiwe, mwenye umri wa miaka milioni 110 hivi, wa ukoo wa mwatiko. Wakati huo Afrika na Amerika ya Kusini zilikuwa ndiyo kwanza zinaachana, na Atlantiki ilikuwa ufa wenye mabwawa ya chumvi. Monte Bolca, Italia, wamepatikana mwatiko wa baadaye, wa karibu miaka milioni 50, kutoka bahari ya joto iliyokuwa ikipita pale Mediterania ilipo leo. Ramani ya sasa ya samaki huyu ni kipande kilichobaki cha ramani kubwa zaidi.

Na ng'ambo ya Pasifiki alifikaje? Kati ya visiwa vya katikati na pwani ya Amerika kuna maelfu ya kilomita za maji matupu, na samaki wengi wa miamba wameshindwa kuyavuka. Mabuu yake yana wiki tatu tu, muda usiotosha. Inaelekea waliovuka ni wakubwa wenyewe, waogeleaji wenye nguvu wanaokula vinavyoelea juu ya maji na hivyo hawategemei kuwa na mwamba chini yao.

Mwatiko hayuko katika orodha ya samaki walio hatarini kutoweka, na kwa eneo alilonalo si ajabu. Ninachokihofia ni hori. Ufilipino ilikuwa na mikoko ya hekta 450,000 hivi mwaka 1918. Kufikia miaka ya 1990 ilibaki chini ya hekta 150,000, na sehemu kubwa ya iliyokatwa iligeuzwa mabwawa ya kufugia samaki, mwatiko akiwa wa kwanza. Maeneo ya malezi yaliondolewa kupisha mabwawa yaliyohitaji vifaranga kutoka maeneo hayohayo ya malezi. Nauru nao walipata pigo la namna yao. Tangu zamani familia zilikuwa zikikusanya vifaranga vya mwatiko kwenye mwamba wa pwani na kuvilea katika ziwa la Buada, kila ukoo na sehemu yake. Miaka ya 1960 perege waliletwa kisiwani, wakaingia ziwani, wakazaana kama perege wanavyozaana, wakamaliza chakula. Mwatiko anayekuja mara moja kwa mwaka na asiyeweza kuzaa ziwani hakuwa na namna ya kushindana na samaki anayezaa palepale kila baada ya wiki chache. Ufugaji ule ulikufa.

Palipo na mikoko na kuna mtu anayetaka kuchimba bwawa, kwa hiyo, afadhali alichimbe nyuma ya mikoko, kwenye jangwa la chumvi ambalo maji hulifikia siku za bamvua tu, na auache mstari wa mbele wa miti ulivyo. Na anayekusanya vifaranga kwa chandarua avirudishe majini vitoto vya samaki wengine vingali hai, maana katika beseni lile jeupe vitone vitatu huwa si peke yao.

Bwawa lenyewe hufunguliwa maji yanapojaa. Mlango wa mbao huinuliwa, maji ya bahari yakaingia kwa kishindo, baridi kidogo kuliko ya ndani na yenye chumvi zaidi. Dakika chache baadaye samaki wote wanakuwa wamegeuka. Waliokuwa wametawanyika hadi pembe za mbali huja kwa pamoja, bega kwa bega, vichwa vyote vikielekea mlangoni, wakiogelea kupinga mkondo unaoingia. Wavunaji wa Asia hutumia tabia hiyo: hawaburuti wavu, hufungua maji tu, na samaki hujipeleka wenyewe kwenye kidimbwi kidogo kilicho karibu na lango. Wana miezi sita, wana miaka minne au mitano mbele yao kabla ya yai la kwanza, na tayari wanaruka kwenye nyavu za mlango, wakitazama upande bahari ilipo.